Kande Zisizoiva

Nyuma ya soko la Kashaulili kulikuwa na kijiwe cha kahawa, ubao uliolazwa juu ya matofali, na asubuhi ile ulikuwa bado na umande. Manyanda alifika shati likinuka moshi, macho mekundu, akaketi pembeni. Tangu amzike mkewe, Dorika, alikuwa akijifunza kupika kande: mahindi, maharage, karanga za kutwanga, sufuria moja tu. Kila siku zilimgomea. Na kesho binti yake, Kabula, angeshuka kwenye treni. Alishatuma salamu: akimkuta baba bado anashindia kahawa, anamhamishia Tabora. Manyanda hakutaka kuiacha nyumba ile, wala kaburi lililo nyuma yake.

— Za jana vipi, mzee? — aliuliza Othmani, muuza kahawa, akimmiminia.

— Mawe.

— Magadi uliweka? — alidakia Salvatori, fundi baiskeli waliyemwita Injinia.

— Niliweka.

— Basi ni maji. Maji ya kwenu Misunkumilo yamelala kisimani mpaka yamezubaa. Yachotechote kwanza yaamke.

— Usimpige kamba mtu mwenye njaa — alisema Malale, ambaye kwa kusambaza habari za mji mzima aliitwa Redio. — Tatizo mahindi. Yamekulia karibu na reli. Kila treni ikipita yanashtuka, yanakakamaa.

— Mbona ya kwako yanaiva? — aliuliza Injinia.

— Mimi nina mke bwana, yanamwogopa.

Walicheka. Kicheko kikamfikia Manyanda, kikafa.

Injinia akakohoa, akapunguza sauti.

— Mzee, huoni? Sufuria imesusa. Imezoea mkono wa marehemu. Jifunge kanga yake, uidanganye.

— Nilijifunga jana — alisema Manyanda.

Hakuna aliyecheka.

Akilini Manyanda aliuona ua wake: kinu kimeinama, kigoda cha Dorika kikitazama mafiga. Ukimya wa pale ulikuwa mzito kiasi kwamba sufuria ikianza kutokota, husikika kama mtu anayetaka kusema neno. Hapo ndipo huchukua kofia yake na kuja kijiweni.

Mgeni mmoja aliegesha baiskeli yenye gunia la maharage. Alijitambulisha kuwa ni Elisha, wa Katumba, akaomba kahawa. Redio akamsimulia yote, maji, reli na kanga.

— Pole, mzee — Elisha alisema. — Na leo umeinjika?

— Nimeinjika. Ziko motoni.

— Nyumbani umemwacha nani?

— Sina mtu.

Elisha akapuliza kahawa yake, kisha akauliza taratibu:

— Sasa moto anachochea nani?

Injinia akaanza kukagua spoki ya baiskeli isiyo yake. Redio akatazama chini. Manyanda aliinuka nusu, akageukia njia ya kwake, akaitazama. Akaketi tena, akanyoosha kikombe.

Othmani aliinamisha birika mpaka mwisho. Yakadondoka mashapo.

— Imekwisha, mzee.

Manyanda hakukirudisha kikombe.