Rudia, Rubani Aliyechelewa Kusema Hawezi

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Rudia, na naomba mnivumilie sauti ikinikatika.

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1961, katika chumba cha nyuma cha duka la mama yetu, fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza sekondari mwaka 1978, mpole kupita kiasi, mtoto ambaye ukimtuma hakuulizi kwa nini. Mwaka 1983 alihitimu urubani, na huko ndiko lilikotoka jina lake, kwani rubani akipewa agizo na mwongoza ndege aliye mnarani hulirudia neno kwa neno, ijulikane amelisikia, naye akalileta zoea hilo hadi nyumbani, shemeji yetu, mkewe, akimtuma mkate na sabuni, anajibu mkate na sabuni, tukacheka hadi mbavu zikauma.

Alifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1987, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 11 Agosti 1999 kitinda mimba wao, mwenye miaka sita, alizidiwa kwa utumbo uliojisokota, kaka akaazima ndege ya injini moja kazini kwake, akampakia mtoto na mama yake, akaelekea mji mkubwa kwa daktari wa upasuaji. Anga ya mji ilikuwa imejaa ndege, mwongoza ndege akamwagiza azunguke juu ya matangi ya maji, futi elfu moja na mia tano, asubiri ndege kubwa nne zitue, naye akarudia, matangi ya maji, futi elfu moja na mia tano, nasubiri. Shemeji alimsihi kutoka kiti cha nyuma awaambie ana mgonjwa, kaka akadhani zamu yake imekaribia, akaagizwa tena kusubiri, akarudia tena, dakika kumi na tisa, huku kila mzunguko akiliona paa la hospitali chini ya bawa. Angesema tu kwamba hawezi kusubiri, wangempisha wote, lakini ulimi wake ulikuwa umezoea kukubali. Mtoto alifariki saa nane na dakika arobaini mchana, magurudumu yakigusa ardhi.

Hakujisamehe. Kuanzia mwaka 2001 alifundisha marubani, na somo lake la kwanza lilikuwa kuwasimamisha mmoja mmoja waseme kwa sauti, siwezi.

Februari 2021 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akapasuliwa mara mbili. Tarehe 6 Mei 2022 daktari alipendekeza upasuaji wa tatu, tukakizunguka kitanda tukimlilia akubali, binti yake akapiga magoti, naye, aliyekubali kila agizo maishani, akasema siwezi. Tulikasirika, tukatoka nje bila kumjibu. Alifariki tarehe 9 Mei, saa moja asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani mliotuachia nyumba zenu wageni walale, marubani wenzake na wanafunzi wake, pamoja na mama aliyekaa safu ya nyuma, mwongoza ndege wa siku ile, ambaye hakuambiwa kuna mgonjwa, na ambaye hatuna kinyongo naye hata kidogo.

Kaka, ulituambia huwezi, na hakuna aliyelirudia neno lako. Leo tunalirudia sote, ujue tumekusikia, huwezi tena. Pumzika kwa amani.