Lennox Ngala, Aliyelala Ameketi

Ndugu waombolezaji, jamaa wa Kaloleni na majirani wa Mji wa Kale, marehemu Lennox Ngala alizaliwa Kaloleni tarehe 4 Machi 1946, akasoma huko huko hadi darasa la nane, na mwaka 1965 akashuka Mombasa, akaajiriwa karani wa ghala pale Mbaraki, ambako kicheko chake, wenzake ni mashahidi, kilikuwa kikisikika mpaka Makupa.

Alifunga ndoa na Mbodze tarehe 12 Desemba 1970, wakajaliwa binti mmoja, Purity, wakapanga vyumba kwa Bimdogo, Mji wa Kale, na kila kitu wakala sahani moja, hata maradhi: mwaka 1995 wote wawili walipimwa, wakakutwa na vijidudu vile vile vya tumboni, wakapewa dawa zile zile, wakazimeza pamoja wakigonganisha bilauri za maji kama maarusi. Mbodze alipona. Lennox, ambaye kabla ya hapo hakukijua kiungulia, ndipo moto ulipoanza kumpanda kifuani.

Mbodze alimsihi arudi hospitali, naye akashika lake, kwamba dawa ni moja na tumbo ni tumbo, mke akipona mume naye kapona, tena kiungulia ni cha wenye mimba, mtoto akiwa na nywele nyingi. Akawa anatafuna udongo wa wajawazito, anamtuma Mbodze dukani, hata wanawake wa mtaa wakaanza kumpa Mbodze hongera ya mimba, naye mama wa watu ana miaka arobaini na saba. Bimdogo alipomjua mlaji alimpokea mlangoni, "Baba Purity, huyo mtoto ana nywele mpaka mabegani!" na Lennox akashika kiuno, akajibu, "Ni pacha, Bimdogo, nitafutie mkunga!" Mtaa ukavunjika mbavu. Mbodze hakucheka, kwa kuwa ndiye aliyempangia mito mitatu mgongoni ili alale ameketi, maana akijinyoosha tu asidi inamfika kooni, na kila alipotaja daktari aliletewa mzaha mwingine.

Mei 1998 ugali ulikwama, kisha wali, kisha uji. Daktari alikuta uvimbe wa saratani kwenye umio, na umeshakomaa. Mbodze aliuliza swali moja tu, imekuwaje, nao walimeza dawa moja? Daktari hakumficha, akasema vijidudu ni vile vile, lakini huenda tumbo la mwanamume na la mwanamke hayajibu sawa, kwamba kwa baadhi ya watu, pengine wanaume zaidi, vikitoka asidi hupata nguvu, ila wataalamu bado wanabishana, na lisilo na ubishi ni kwamba alipaswa kuja moto ulipoanza. Alifariki tarehe 17 Oktoba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ghalani, na Bimdogo, aliyemchujia uji mara mbili kila asubuhi, na tangu siku ile ya daktari hajatania mtu. Purity ni mjamzito, kiungulia kinamsumbua, na hakuna nyumbani aliyethubutu kuzitaja nywele. Mbodze alimshika mkono siku ile ile kilipoanza, akampeleka kliniki.

Baba Purity, jeneza lako lililetwa na mto ndani, na mkeo ameutoa kwa mkono wake. Miaka mitatu umelala umeketi. Leo umelala chali, umejinyoosha, na hakuna kinachopanda. Lala kwa amani.