Nilifunguliwa Nikiuguza Paka wa Kisukari

Sifa kwa Yesu, ndugu zangu! Asante kwa kunipa nafasi nisimame. Wengine mnanijua kama yule mama anayetoka katikati ya ibada. Mhubiri hajafika hata nusu, mimi nimeshachukua mkoba. Leo nitawaambia nilikuwa nakimbilia nini.

Mimi ni Mama Kibet, mwalimu mstaafu. Nilifundisha Moiben miaka mingi kabla ya kuhamia hapa Eldoret na mume wangu, Baba Kibet. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Siku moja nilienda Turbo kumwona dada yangu. Huku nyumbani Baba Kibet akajidunga insulini, akasahau kula. Sukari ikashuka. Niliporudi nilimkuta kwa kiti, chai imepoa, ameshaenda. Ndugu zangu, tangu siku hiyo sikutulia! Nikila nasimama. Nikiomba nafungua macho.

Aliniachia paka wake, Karani. Tulimwita hivyo kwa sababu alipenda kulalia vitabu vya wanafunzi nikisahihisha. Mwaka jana Karani akaanza kunywa maji kama ng'ombe na huku anakonda. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, dada mpole anayeitwa Jerotich. Akampima, akasema, "Mama, paka wako ana sukari." Nilicheka, halafu nikalia palepale. Sukari tena! Katika nyumba ileile!

Jerotich alinifundisha kumdunga insulini asubuhi na jioni, na kutoa tone la damu kwenye ukingo wa sikio nipime sukari kwa mashine ndogo. Tukaenda vizuri kidogo. Kisha Karani akaanza kutapika, akakataa chakula, akajikunja kwa uchungu. Kongosho lilikuwa limevimba, na matumbo pia. Akalazwa, akawekewa maji kwa mshipa na dawa ya maumivu. Uvimbe wa matumbo ulipokataa kupungua, daktari akaanza kumpa steroidi. Akanionya:

"Hii dawa itapandisha sukari, kwa hivyo tutaongeza insulini kidogo. Lakini tukipunguza steroidi, insulini nayo lazima ishuke. Mama, usibadilishe kitu bila kunipigia."

Nilisikia kwa masikio tu! Sukari ikapanda hadi ishirini na nne. Nikapima, baada ya nusu saa nikapima tena, nikapima tena. Masikio ya Karani yakajaa vidonda vidogo. Akiniona, anaingia chini ya kabati. Paka aliyekuwa analala mapajani mwangu akaanza kunitoroka! Ndiyo sababu nilikuwa natoka kanisani. Nilikuwa naenda kupima.

Steroidi ikaanza kupunguzwa, daktari akasema nishushe insulini. Jumamosi asubuhi nikapima, kumi na sita, bado iko juu. Ile namba ikanitisha. Nikajiambia, huyu daktari ni msichana tu, anajua nini? Nikamdunga kipimo kile cha zamani. Mimi, niliyejua sukari ikishuka inaua! Lakini hofu haifikirii, ndugu zangu. Inataka tu mikono ifanye kitu.

Kabla ya saa sita mchana Karani akatoka chini ya kabati akiyumba kama mlevi. Akaanguka, akaanza kutetemeka mwili mzima. Nikapima: mbili nukta moja. Nilipiga kelele mpaka jirani yangu, Mama Wanjiru, akaacha duka lake akaja mbio. Nikampigia daktari.

"Mpake asali kwenye ufizi, usimmiminie mdomoni! Mlete sasa hivi!"

Nikampaka kwa kidole huku nikilia, "Baba Kibet, nisamehe! Nisamehe!"

Mama Wanjiru akanishika mabega. "Mama Kibet, huyu ni Karani. Si Mzee. Na Mzee hukumuua."

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeniambia hivyo, kwa sababu sikuwa nimemwambia mtu yeyote ninachojilaumia! Nikapiga magoti hapo jikoni, vidole vimejaa asali. Nikasema, Bwana, nimechoka. Nimemzika huyu mume kila siku. Mchukue, na hii hofu uichukue. Sikusikia sauti, sikuona mwanga. Lakini niliinuka bila kupima tena, nikambeba Karani, Mama Wanjiru akaendesha gari.

Kwa kliniki nilimwambia Jerotich ukweli wote. Hakunigombeza. Alimwekea Karani glukosi kwa mshipa, akamlaza siku mbili. Siku ya kumchukua akaniandikia saa za kupima. "Hizi tu, mama."

Kutii kulikuwa kugumu! Siku ya kwanza nilishika ile mashine mara saba nikairudisha. Hata sasa kuna siku nazunguka meza bila sababu. Lakini Karani anakula, uvimbe umetulia, steroidi imeisha, na insulini anadungwa kidogo tu. Sukari bado anayo, sitawadanganya. Lakini mimi Bwana amenifungua!

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru Mama Wanjiru. Na wewe uliyekaa hapo ukijilaumu kwa mtu aliyezikwa, mkabidhi Yesu jambo hilo. Mtajie jina la huyo mtu. Halafu mtajie na jirani yako, kwa mdomo, asikie. Ukishalitaja hutakuwa peke yako nalo tena, na Mungu haogopi kulisikia.