Mwalimu Apolonia na Nyama Iliyocheza Darasani

Tarehe 30 Juni, Mwalimu Apolonia Kaijage anastaafu baada ya kufundisha Baiolojia shuleni kwetu, hapa Pugu, kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda wote huo hakuwahi kumaliza mada kwa wakati uliopangwa. Ofisi ya taaluma, ambayo mimi naiongoza, inazo barua za kuthibitisha.

Alitoka Muleba na sanduku moja na lafudhi ambayo Dar imeshindwa kuiondoa. Tulipobandika tangazo la kukataza Kiswahili darasani, alilisoma kwa heshima, kisha akawaruhusu wanafunzi wafikiri kwanza kwa lugha waliyonayo.

Mwaka 2016 alikuwa akifanya marudio na Kidato cha Nne: sifa za viumbe hai, mada ya dakika kumi. Hamida, ambaye baba yake alikuwa mchinjaji Vingunguti, akanyoosha mkono.

"Madam, mbona nyama machinjioni inachezacheza na ng'ombe kashachunwa? Iko hai?"

Darasa likacheka. Mtihani ulikuwa karibu, na mwalimu mwenye busara angejibu hapana na kuendelea. Yeye alivuta kiti, akaketi. "Hebu tueleze, uliona nini hasa?"

Zikapita siku nne. Praygod alisema roho hutoka polepole. Twaha alisema ni upepo uliobaki ndani. Yote yaliandikwa ubaoni bila alama ya kosa, na kila mmoja akaulizwa angethibitishaje. Siku ya tano Hamida alileta kipande cha paja la ng'ombe aliyechinjwa alfajiri ile. Wakakinyunyizia chumvi, kikaanza kutetemeka mezani.

Mthibiti ubora wa shule aliingia wakati huohuo, akakuta wanafunzi wanabishana kama mwili hufa mara moja au kidogo kidogo. Alikaa dakika themanini, akauliza maswali mawili yeye mwenyewe, kisha akaandika kwamba somo halikuendana na azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula.

Barua ya kumwondoa kwenye darasa la mtihani na kumpeleka Kidato cha Kwanza niliiandika mimi. Aliisoma, akaikunja. "Sawa tu," alisema. "Wale bado wanasema wanachofikiri." Lakini wiki nzima hakuja kunywa chai na sisi.

Watoto wale wa Kidato cha Kwanza walipofika Kidato cha Nne, matokeo yao ya Baiolojia yalikuwa bora kuliko yote tuliyowahi kupata. Cheti cha pongezi kilitolewa kwa ofisi ya taaluma. Kimetundikwa juu ya meza yangu, na wageni hukisifia.

Wiki iliyopita nilimfuata maabara kumwomba radhi. Nilitarajia aniambie yameisha.

"Ulikuwa unaogopa nini, Mwalimu Valerian?" akaniuliza, akangoja.

Nilikaa pale kipindi kizima nikimweleza, naye hakunikatiza hata mara moja.

Asante sana, Madam. Pumzika salama nyumbani kwako, uwe na afya njema, na Mungu akupe majirani wenye maswali.