Mpimaji wa Mvua Aliyeng'oa Miti Yake: Maisha ya Mzee Lutufyo Mwasyeba

Wachungaji, wazee, majirani na wote mliopanda kilima hiki kutushika mkono, poleni na jua, ambalo marehemu angekuwa wa kwanza kutaka kujua ni la nyuzi ngapi.

Mzee Lutufyo Mwasyeba alizaliwa tarehe 14 Mei 1946 hapa Nkunga, akasoma hapa hapa hadi darasa la nane mwaka 1962, na tarehe 3 Januari 1966 akaajiriwa kwenye shamba la chai, kazi yake ikiwa kupima joto na mvua kila siku saa tatu asubuhi, akastaafu mwaka 2001 na kuihamishia kazi hiyo uani kwake, watu wakimtania kwa jina la Mwenyekiti wa Mvua, naye akiitika.

Tarehe 7 Agosti 1971 alifunga ndoa na mama yetu Hellen, wakajaliwa watoto sita, wanne wakiwa hai, mkubwa wao Atupakisye.

Madaftari yake yalionyesha kwamba usiku wa Julai, uliokuwa ukishuka hadi nyuzi joto tisa, siku hizi haushuki chini ya kumi na mbili, na kila aliyedai kwamba joto limeletwa na minara ya simu, au na vijana kuacha mila, alikalishwa chini akaelezwa, bila haraka, habari ya moshi wa mafuta na makaa ya mawe unaoifunika dunia nzima kama blanketi, na ya misitu tunayoifyeka wenyewe.

Lakini mficha uchi hazai, nasi hatutaficha: ni yeye, mwaka 1987, aliyewashawishi majirani kupanda milingoti, yaani mikaratusi, kuzunguka chemchemi yetu, wapate kuuza kuni za kukaushia chai, na miti ile ikanywa maji hadi kina mama wakawa wanateka kwa kikombe. Jambo hilo lilimuuma sana, na kwenye mkutano wa kijiji wa tarehe 20 Septemba 2011 alisimama akasema, "Moshi wa dunia siwezi kuuzima, ila miti hii niliileta mimi, na mimi nitaing'oa." Aling'oa yake yote mia moja na arobaini, visiki pia, akapanda mikuyu, majirani wakafuata, isipokuwa Mzee Jotham, aliyekataa kwa miaka kumi na tatu, na marehemu hakuacha kumkumbusha kila Jumapili baada ya ibada.

Alianza kuugua figo Machi 2024, na alipolazwa Tukuyu, kila aliyekwenda kumjulia hali aliulizwa kwanza kama Jotham amekata, hadi alipofariki Jumatano tarehe 9 Oktoba, saa nane mchana, kabla hajapata jibu alilolitaka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa chai, kina mama walioleta maji ya msiba huu, safari hii kwa ndoo, na wewe Mzee Jotham, uliyekwenda chemchemini Alhamisi asubuhi na shoka lako mwenyewe, kwani nguzo zinazoshika turubai hili ni milingoti yako. Ndaga fijo, asanteni sana.

Baba, leo saa tatu Atupakisye amesoma vipimo, joto nyuzi ishirini na tatu, mvua hakuna, na ameandika kwenye daftari lako. Pumzika kwa amani.