Maumivu ya Mke wa Amri

Mwaka ule wa mradi wa karanga wa wazungu, Nachingwea ilijaa vumbi na katapila. Kijiwe chetu kilikuwa sanduku la vipuri vya trekta, kando ya njia ya malori. Mimi ndiye niliyekuwa na birika la kahawa, kwa hiyo niliyasikia yote, na upuuzi wa asubuhi ile sijapata kuusikia tena. Amri, mkata visiki, alikuwa anamrudisha mkewe, Mwanaima, kwao Nkowe. Mwanaima mwenyewe alikuwa ng'ambo ya njia, amekaa juu ya mzigo wake, amejikunja, anangoja lori. Kosa lake ni kwamba kila mwezi alilala kwa maumivu, na mtoto hapati.

— Simfukuzi mimi, alisema Amri. Mama ndiye kasema. Mke gani kila mwezi yuko kitandani?

Bashiri, tuliyemwita Katapila kwa kuwa ndilo dude aliloendesha, akapuliza kikombe chake.

— Mitambo yetu hiyo. Ardhi inatetemeka tangu alfajiri. Tumbo la mwanamke litatulia vipi?

— Alianza kuumwa tangu kwao, sijamwoa bado. Katapila hazijaja hata moja.

— Basi zilikuwa zinateremshwa bandarini, naye akazisikia kwa mbali.

Abdalah akatikisa kichwa. Huyu tulimwita Bwana Shauri, maana hakukosa kesi bomani.

— Ni jini hilo. Na si jini la bure. Mnaona linavyokuja kila mwezi? Limeandikwa kazi, kama sisi.

— Nani kaliandika?

— Hapo ndipo pa kuchunguza. Labda wazungu.

— Wazungu wapate faida gani kwa tumbo la mke wangu?

— Na kwa karanga hizi wamepata faida gani?

Hapo hata mimi niliacha kumimina. Wakabishana jini la namna hiyo huachishwaje kazi, na kama lina haki ya posho. Amri alikuwa anageuza uso kwa huyu na kwa yule, hajui ashike lipi.

Mwisho wa sanduku alikaa mgeni mmoja, Saturnini, Mmakua wa ng'ambo ya Ruvuma, naye akingoja lori lilelile.

— Samahani, wazee. Yule mama anaumwa wapi?

— Tumbo, akajibu Bashiri.

— Kasema mwenyewe?

Bashiri akamtazama Shauri. Shauri akamtazama Amri.

— Mambo hayo hayasemwi, alisema Amri. Akiwa katika siku zake anatundika shanga nyekundu kitandani. Nikiziona, nalala mkekani. Ndivyo walivyofundwa unyagoni. Sasa mimi nimuulize nini?

— Anaumwa wapi, alirudia Saturnini, kwa upole tu.

Amri akasimama, akavuka njia, akachuchumaa mbele ya mkewe. Mwanaima alimtazama kama anayetaniwa. Halafu akaanza kusema. Akashika kiuno, akashika mgongo, akashuka mpaka pajani. Lori likaja, likapiga honi, Saturnini akapanda peke yake, likaondoka. Mwanaima alikuwa bado anaeleza. Niliona haya, nikajitia kufuta vikombe.

Amri aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

— Si tumbo tu. Ni kiuno, mgongo, mpaka mguu. Akienda chooni, anasema ni kama kisu. Tangu avunje ungo. Kungwi wake alimwambia kila mwanamke ndivyo alivyo, anyamaze.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Nyie mna wake, akasema Amri. Kwani ni kweli kila mwanamke ndivyo alivyo?

Bashiri aliangalia ndani ya kikombe. Shauri, aliyekuwa na wake wawili, akajikuna shingo. Amri akanigeukia mimi.

— Wangu sijamuuliza, nikamwambia.

Akanyoosha kikombe nimmiminie mkewe. Nikainamisha birika, yakatoka machicha tu.