Mheshimiwa Mbunge wa Skelbeck

Wilf: Haloo? Ni nani huyo?

Gilly: Shikamoo, baba. Ni mimi.

Wilf: Marahaba. Mimi nani? Sema kwa nguvu, simu inakoroma.

Gilly: Ni hizi kuta za bungeni, nene kama za gereza. Ngoja nisogee dirishani... Hapo vipi? Unanipata?

Wilf: Ahaa. Sasa nakupata. Sauti hiyo naijua. Mheshimiwa Mbunge wa Skelbeck.

Gilly: [anacheka] Ndiye mwenyewe, mzee. Mtumishi wako. Umekula?

Wilf: Nimekula, mheshimiwa. Pai ya nyama. Mama Sowerby wa hapo jirani kanipashia. Nusu nimemwachia, ganda lake gumu, na meno yangu mimi unayajua... au huyajui.

Gilly: Nayajua sana. Ya chini umeyavaa?

Wilf: Yapo kwenye kikombe. Nimekuona sasa hivi kwenye televisheni.

Gilly: Umeniona? Nilijua tu utakuwa umekodoa macho.

Wilf: Nisikukodolee macho, nitamkodolea nani? Umesimama umenyooka, umewachapa. Na lile koti la kijani limekukaa.

Gilly: Ni lile la mama hilo. Nimelipunguza mikono tu.

Wilf: Kumbe? Basi mama yako na marehemu mke wangu walinunua duka moja.

Gilly: Wacha utani, baba.

Wilf: Nikutanie wewe, mheshimiwa? Nina adabu zangu.

Gilly: Baba. Hebu niambie. Mimi ni nani?

Wilf: Mbunge wa Skelbeck. Na wewe umeshasahau? Basi tuko wawili.

Gilly: [kwa sauti ya chini] Ndiyo. Tuko wawili.

Wilf: Haloo? Umepotea?

Gilly: Nipo. Ni mtandao.

Wilf: Na ahsante kwa kuniita baba. Yule aliyekutangulia alikuwa ananiita "Thackray" hivi hivi, jina la ukoo tupu, kama ananituma makaa. Wewe una malezi. Nani aliyekulea?

Gilly: Baba yangu.

Wilf: Mpe salamu. Sasa, kwa kuwa umepiga mwenyewe, nina shida ya kukuletea. Una nafasi?

Gilly: Ninayo. Mpaka kengele ilie.

Wilf: Ya kura, naijua. Ikilia mnatimua mbio, wa ndiyo ujia wa huku, wa hapana ujia wa kule, na milango ikifungwa umekosa. Binti yangu alinieleza yote hayo. Aliyapanga hapa mezani na vijiko vya chai.

Gilly: Bakuli la sukari lilikuwa Spika.

Wilf: Eh. Nawe alikueleza?

Gilly: Alinieleza. Sema shida yako, baba.

Wilf: Kuna watu wanataka kunitoa nyumbani kwangu.

Gilly: Watu gani?

Wilf: Sijui ni watu gani. Mama Sowerby yuko juu chumbani anapanga nguo zangu kwenye begi. Nikamwuliza, naenda wapi? Akasema, kesho, Wilf, kesho unapelekwa pale Millgate, pazuri, kuna bustani. Millgate mimi napajua. Ni kwa wazee. Mtu akiingia pale harudi kuchukua hata soksi.

Gilly: Pamebadilika, baba. Chumba kina dirisha, unaona mpaka mlima—

Wilf: Mlima nauona hapa hapa. Sikiliza. Leo umesema nini bungeni? Nimekusikia kwa masikio yangu mawili. Umesema, mzee anayejua birika lake liko wapi, asitolewe jikoni kwake. Wenzako wakaitikia mpaka na mimi nikapiga meza. Hukusema?

Gilly: Nilisema.

Wilf: Haya. Birika langu liko wapi? Liko juu ya jiko, kushoto. Nimelibandika sasa hivi.

Gilly: Umelibandika? Lina maji?

Wilf: Sasa hilo—

Gilly: Baba, nenda ukazime jiko. Weka simu hapo, usikate. Nasubiri.

Wilf: Tunaongea, bwana.

Gilly: Nenda, tafadhali.

[kiti kinaburutwa, chuma kinagonga sinki]

Gilly: Baba? Baba, upo?

Wilf: Nipo. Nimezima. Lilikuwa kavu.

Gilly: Umeungua?

Wilf: Kidole tu. Hamna kitu. Limekuwa jeusi chini, na lilikuwa jipya. Usimwambie mtu.

Gilly: Simwambii.

Wilf: Lakini nilijua liko wapi.

Gilly: Ulijua, baba.

Wilf: Eeh. Sasa ombi langu ni dogo. Nataka umtafute binti yangu.

[kimya]

Wilf: Mheshimiwa?

Gilly: Nakusikia. Binti yako.

Wilf: Yuko huko huko London. Ana kazi kubwa, kazi gani sijui, kila siku anakimbia. Mtafute umwambie. Yeye hajui mambo haya. Akijua tu atakuja na treni ya kwanza, na hao watu watamtambua. Ana mdomo yule. Alipokuwa mdogo tukizunguka kugawa karatasi za uchaguzi, mimi nilikuwa nanong'ona na yeye anahutubia mtaa mzima.

Gilly: Wewe ulikuwa na mwiko.

Wilf: Mwiko wa mke wangu, ndiyo. Mbwa wa Skelbeck hawabweki. Wananyamaza nyuma ya mlango wanasubiri vidole. Unasukuma karatasi kwenye tundu la barua kwa mwiko, mbwa anang'ata mti. Nani kakwambia habari hizi?

Gilly: Ninao mwiko huo, baba. Una alama za meno. Uko hapa kwenye mkoba wangu.

Wilf: Hapana, mwanangu, huo utakuwa mwingine. Wangu uko kwenye mtoto wa meza.

Gilly: Umeniitaje?

Wilf: Nini?

Gilly: Umesema mwanangu.

Wilf: Si wewe ni mtoto kwangu? Usikasirike, mheshimiwa. Ni ulimi wa mzee, kila mtu ni mwanangu.

Gilly: Sijakasirika. Huyo binti yako... hakupigii simu?

Wilf: Anapiga. Jumapili alikuja mwenyewe na keki ya tangawizi. Akakaa hapo kwenye kiti cha mama yake, akaongea, akaongea, halafu akalia. Mimi nikamkatia kipande kingine. Sikumwuliza analia nini. Ningemwuliza, sivyo?

Gilly: Labda alikuwa ameshakwambia.

Wilf: Kaniambia nini?

Gilly: Baba, sikiliza. Labda... labda ni yeye aliyekubali.

Wilf: Nani?

Gilly: Binti yako. Labda aliona mabirika yanaungua. Labda Mama Sowerby alimpigia simu asubuhi kwamba amekukuta ukingoni mwa mto, na mvua ile, umevaa nguo za kulalia, unagawa karatasi za uchaguzi ulioisha zamani. Labda kila simu ikilia anadhani ndiyo hiyo. Labda aliogopa, baba. Aliogopa sana, hakujua afanye nini kingine.

Wilf: Humjui mwanangu.

Gilly: Simjui?

Wilf: Humjui, na usimseme. Hawezi. Yule akiwa na neno na mimi ananiambia usoni.

Gilly: Alikwambia usoni. Jumapili. Akakushika mkono akakwambia, ukasema sawa, Gilly, kama ndivyo, sawa.

Wilf: Ulikuwepo?

Gilly: Nilikuwepo.

Wilf: Sikukuona. Samahani sana, mheshimiwa. Ningekukatia keki.

Gilly: Ulinikatia.

Wilf: Unalia? Usilie. Nimekusumbua na mambo yangu, na una nchi nzima kichwani.

Gilly: Silii. Ni mafua.

Wilf: London kuna baridi mbaya, chafu. Kwani hiyo sheria yenu, ya watu kutunzwa nyumbani kwao, inapigiwa kura leo?

Gilly: Sasa hivi. Tutashinda kwa kura moja au tutashindwa kwa kura moja. Ndiyo sababu siko hapo na wewe. Ningekuwa hapo, baba, naapa.

Wilf: Kaa hapo hapo, usitoke hata kwenda chooni. Ikipita inaanza lini?

Gilly: Mwaka kesho. Aprili.

Wilf: Mimi nataka kesho.

Gilly: Najua.

Wilf: Kesho tu, mama. Hiyo Aprili wape wengine.

[sauti inakwaruza]

Wilf: Haloo? Kitu kimoja kimekuwa kinanikera. Nimewatazama miaka yote, na hamtajani majina humo ndani. Mheshimiwa wa huku, mheshimiwa wa kule. Binti yangu alisema mtu hutajwa jina lake siku anayofukuzwa, au siku anayokufa. Sasa wewe nakuona kila wiki, na sijui jina lako. Nani jina lako?

Gilly: Gilly.

Wilf: Ala.

Gilly: Gilly, baba.

Wilf: Mwanangu naye ni Gilly. Nilimpa mimi. Mama yake alitaka Muriel, nikakataa, nikasema huyu atakuja kuitwa na watu wengi, apewe jina la kutamkika.

Gilly: Ni jina zuri.

Wilf: Zuri sana. Ni hasara hawalitumii humo.

Gilly: Hawalitumii. Na wewe jambo hilo lilikuwa likikuudhi, siku za kwanza. Ukawa unaniita mheshimiwa mpaka mezani, kunitania. Mheshimiwa, nisogezee chumvi. Mama akawa anakupiga na kitambaa.

Wilf: Mheshimiwa, mstari huu unakwaruza, sijakupata hapo.

Gilly: Hamna. Si kitu.

Wilf: Basi tukubaliane. Utamtafuta?

Gilly: Baba...

Wilf: Nijibu kama unavyojibiwa na waziri. La, usinijibu hivyo, wale hawajibu. Nijibu kama mtu.

Gilly: Kesho asubuhi nitakuja. Kura ikiisha tu napanda treni, asubuhi niko mlangoni kwako. Na gari.

Wilf: Wewe? Mbunge mwenyewe, mlangoni kwangu?

Gilly: Mimi mwenyewe. Tutaenda pamoja. Nitakaa na wewe huko kutwa nzima, baba, tutanywa chai, nitapanga picha za mama ukutani—

Wilf: Basi yameisha.

Gilly: Nini kimeisha?

Wilf: Hofu yangu. Mbunge akisimama mlangoni, nani atanigusa? [sauti inasogea mbali na simu] Mama Sowerby! Ee Mama Sowerby! Rudisha nguo kabatini. Begi libebe ulirudishe ulikolitoa. Mbunge anakuja mwenyewe.

Gilly: Baba, hapana, ngoja. Begi liache. Hujanielewa, nilikuwa nasema—

[kengele inalia, kali, haikatiki]

Wilf: Hiyo hiyo. Naisikia kwenye simu na kwenye televisheni naisikia.

Gilly: Baba, nisikilize, nina sekunde tu. Mimi ndiye niliye—

Wilf: Kimbia, mama.

Gilly: Ni mimi, baba. Ni mimi niliyesema wakuchukue. Ni Gilly.

Wilf: Sikusikii, kengele yako inapiga kelele. Kimbia, watafunga. Ukikosa wewe, nani atatusemea?

Gilly: Mpe simu Mama Sowerby. Tafadhali. Mpe—

Wilf: Yuko juu anakunjua nguo. Umemfurahisha, anaimba. La, si kuimba. Analia huyu. Leo kila mtu ana mafua.

Gilly: Baba...

Wilf: Nenda. Ila kesho ukifika gonga kwa nguvu, sikio langu moja limekufa. Hao watu wakitangulia sifungui, wagonge mpaka wachoke. Nitakufungulia wewe tu.